Mstari haukutokea kwenye kipimo cha mate: dereva afanywe nini?

SWALI: Mimi ni msimamizi wa usalama kwenye kampuni ya malori yenye yadi Makambako. Magari yetu yanakwenda na kurudi kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Mwaka huu uongozi umeachana na vipimo vya mkojo, tumeletewa vya mate, vyenye mistari ya dawa tano. Asubuhi moja tulipima madereva 12 kabla ya safari, wawili wakaleta utata. Wa kwanza mstari wa bangi haukutokea kabisa. Amekiri kuvuta, ila anasema ilikuwa siku nne nyuma, akiwa kwao likizo. Wa pili mstari ulitokea kwa mbali sana, na muuguzi wetu akasema hiyo ni chanya hafifu. Meneja anataka wote wawili waondoke. Je, mate yanaaminika? Yanaonyesha kwamba mtu amelewa? Na tufanyeje ili tusiwe tunabishana kila tukipima?

JIBU: Ndugu msimamizi, tuanze na dereva wa pili, maana huyo anaonewa. Mstari uliofifia kwenye kipimo cha dawa za kulevya unahesabiwa kuwa mstari. Majibu yake ni hasi. Katika kipimo cha aina hii hakuna kitu kinachoitwa chanya hafifu. Kama amesimamishwa, aitwe leo arudi kazini, siku zake alipwe, na maandishi yaliyoingia kwenye jalada lake yafutwe.

Kosa la muuguzi wenu linaeleweka. Amezoea kipimo cha malaria, cha VVU na cha ujauzito, ambako mstari wa pili ukitokea, hata kwa mbali, basi kinachotafutwa kipo. Kipimo cha dawa za kulevya kinafanya kazi kinyume chake. Kwenye utando wake, pale palipoandikwa T, kiwandani wamebandika dawa yenyewe. Mate yanapopanda kwenye utando yanabeba kingamwili zilizotiwa rangi. Mate yakiwa safi, kingamwili hizo zinafika pale zikiwa huru, zinanasa kwenye dawa iliyobandikwa, na mstari unaonekana. Mate yakiwa na dawa, kingamwili zinakuwa zimeshashikwa njiani, zinapita bila kunasa, na pale pa mstari panabaki peupe. Kwa hiyo mstari ukiwepo, majibu ni hasi. Usipokuwepo, majibu si hasi na yanahitaji kuthibitishwa. Mstari wa C, ule unaoonyesha kwamba kipimo chenyewe kimefanya kazi, usipotokea, kipimo kimeharibika na hakisemi lolote, hata kama mistari yote ya T imejipanga vizuri.

Nguvu ya rangi nayo isiwababaishe. Hutofautiana kati ya mstari mmoja na mwingine, na kati ya pakiti na pakiti, hata kwa mtu ambaye hajawahi kugusa chochote. Andikeni hayo kwa herufi kubwa, mbandike ukutani kwenye chumba cha kupimia, tena juu ya meza yenyewe. Anayesoma kipimo saa kumi na moja alfajiri, malori yakiwa yamewashwa nje, anahitaji kuliona neno hilo mbele ya macho yake.

Sasa dereva wa kwanza. Ili kumtendea haki ni lazima tujue mate yanajua nini na hayajui nini.

Dawa nyingi huingia kwenye mate zikitoka kwenye damu, kupitia tezi za mate. Damu ina pH, yaani kipimo cha asidi, ya karibu 7.4, mate kwa kawaida yana asidi zaidi kidogo. Dawa zenye tabia ya besi, yaani kinyume cha asidi, kama amfetamini, kokeini na kodeini, zikishaingia kwenye mate hunaswa humo, na mara nyingi kiasi chake kwenye mate kinazidi kile cha kwenye damu. Hizo mate huzikamata vizuri. Diazepamu na ndugu zake, dawa za kutuliza na za usingizi, hushikwa sana na protini za damu, kwa hiyo kinachovuka ni kidogo, na kipimo cha mate huwa dhaifu kwa kundi hilo.

Bangi ina njia yake. THC, kile kiini chake kinacholevya, haivuki kwa urahisi kutoka kwenye damu kuja kwenye mate. Inayokamatwa na kipimo ni ile iliyoachwa na moshi kwenye mashavu, ufizi na ulimi wakati mtu anavuta. Dakika chache baada ya kuvuta, mate yanaweza kuwa na mamia ya nanogramu za THC kwa kila mililita, pengine kupita 1,000. Kisha kiasi hicho hushuka kwa kasi ndani ya saa za mwanzo.

Hapo ndipo mate yanapoushinda mkojo kwa kazi yenu. Kipimo cha mkojo kinatafuta taka ambayo mwili umeitengeneza kutokana na THC. Taka hiyo hutoka polepole, kwa sababu THC hujihifadhi kwenye mafuta ya mwili, na anayevuta kila siku anaweza kuendelea kuonekana kwa wiki kadhaa baada ya kuacha. Dereva aliyevuta likizoni na kurudi akiwa mzima kabisa ataangushwa na mkojo. Mate yanatafuta THC yenyewe, na kwa wavutaji wengi dirisha lake, yaani muda ambao inaonekana, ni saa kadhaa, likifika siku moja hivi. Kokeini na amfetamini huonekana kwenye mate kwa siku moja hadi mbili, heroini na kodeini karibu siku moja. Uongozi wenu umefanya uamuzi mzuri kubadilisha.

Lakini kuonekana kwa dawa si kipimo cha ulevi. Kwa pombe tunaweza kupima pumzi na kukadiria kiwango cha damu, na kiwango cha damu kinaendana kwa kiasi kizuri na jinsi mtu anavyoyumba. Kwa THC uhusiano huo haupo. Watu wawili wenye kiasi kile kile kwenye mate wanaweza kuwa katika hali tofauti kabisa. Fomu zenu ziandike "THC imeonekana kwenye mate kwa kipimo cha awali", na kamwe zisiandike "amekutwa amelewa". Hata nchi zinazopima mate barabarani zimelikubali hilo katika sheria zao. Jimbo la Victoria huko Australia, lililoanza kupima madereva barabarani kwa kuwachagua bila mpangilio Desemba 2004, linaadhibu kuwepo kwa dawa iliyotajwa bila kudai kuthibitisha ulevi. Uingereza, tangu Machi 2015, polisi wanatumia mate barabarani kama hatua ya kwanza tu. Mashtaka yanasimama juu ya damu, na kikomo cha THC ni mikrogramu 2 kwa lita ya damu.

Dai la siku nne linategemea namba moja ambayo hukuitaja, nayo ndiyo ya kwanza kuiangalia kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi: kizingiti. Kila kipimo kimewekewa kiwango ambacho chini yake kitasema hasi. Mwongozo wa serikali kuu ya Marekani kwa wafanyakazi, ulioanza kutumika Januari 2020, unaweka nanogramu 4 za THC kwa mililita kwa uchunguzi wa awali na 2 kwa uthibitisho. Kiwango cha Australia na New Zealand cha mwaka 2019 kinaweka 15 kwa awali na 5 kwa uthibitisho. Vipimo vya mkononi vilivyo sokoni utakuta vimeandikwa 15, 25, hata 50.

Kama chenu ni 25 au 50, mtu aliyevuta siku nne nyuma na hakurudia hatarajiwi kabisa kuangushwa nacho. Mvutaji wa kila siku, wa miaka, anaweza kubaki na THC kidogo mdomoni kupita saa 24, lakini hiyo mara nyingi ni kwa viwango vidogo vya 2 au 4 ambavyo vinaonekana maabara. Basi yamebaki mambo matatu: amevuta karibu zaidi ya anavyosema, au alikaa kwenye moshi wa mwingine muda mfupi kabla ya kupimwa, au kipimo kimekosea. Lile la moshi msilidharau. Mtu aliyekaa kwenye kabini iliyofungwa madirisha huku utingo akivuta anaweza kuwa na THC mdomoni kwa muda wa kama saa moja hivi, ingawa yeye hakuvuta. Ndiyo maana swali la "ulifika yadi na nani, kwa gari gani, saa ngapi" liwe kwenye fomu.

Na kipimo kukosea si jambo la kufikirika. Mradi wa Ulaya ulioitwa ROSITA-2, uliofanyika kati ya 2003 na 2005, ulitaka kipimo kikamate zaidi ya asilimia 90 ya wenye dawa na kisafishe zaidi ya asilimia 90 ya wasio nazo. Hakuna kifaa kilichofikia hapo kwa dawa zote. Mradi uliofuata, DRUID, ulishusha lengo hadi asilimia 80, na bado hakuna kifaa kilichofaulu kwa kila dawa. Vifaa vimeboreshwa tangu wakati huo, ila hesabu hii haibadiliki: tuseme mna madereva 60 na kati yao watatu tu ndio wametumia. Kipimo kinachokamata asilimia 80 kitawapata wawili, pengine wote watatu. Kama kipimo hicho hicho kinakosea kwa asilimia 5 ya wasiotumia, kati ya wale 57 wasafi kitawaangusha karibu watatu. Ukishika karatasi tano au sita zisizo na mstari, nusu yake ni za watu wasio na hatia. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, nami sitauficha: kipimo cha mate cha mkononi kinatosha kuamua nani asishike usukani leo. Hakitoshi kuamua nani apoteze kazi.

Tuje kwenye upimaji wenyewe, kwa sababu mabishano mengi huzaliwa dakika 10 kabla ya kijiti kuingia mdomoni.

Dereva akiingia, hakikisha kitambulisho chake, kisha mwambie afungue mdomo na kuinua ulimi. Unatafuta ugoro chini ya mdomo, bigijii, pipi, majani ya mirungi shavuni, damu ya ufizi. Kama kuna kitu, akiteme, asukutue kwa maji ya kawaida, na saa ianze kuhesabiwa upya. Kwa dakika 10 kamili asile, asinywe, asivute, asitafune, na awe machoni pa mpimaji muda wote. Dakika hizo 10 ndizo zinazofuta hila karibu zote: ndimu, siki, dawa ya kusukutua, sukari. Mdomo unatengeneza mate mapya muda wote, na baada ya dakika hizo unachopima ni mate yake halisi. Ukiziruka, umempa wakili wake hoja ya kwanza.

Pakiti ifunguliwe mbele yake, yeye mwenyewe akiangalia tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo, na zote mbili ziandikwe kwenye fomu. Ikiwa pakiti ilikuwa imepasuka au kile kifuko cha kukaushia unyevu hakimo, itupwe. Kijiti chenye sponji akishike yeye. Akipitishe taratibu kwenye mashavu yote mawili, kati ya ufizi na mdomo, kisha akiweke chini ya ulimi. Asikitafune na asikinyonye kwa nguvu. Vijiti vingi vina kiashirio kinachobadilika rangi mate yakitosha. Msikitoe kabla ya hapo, hata kama dereva anasema yametosha. Mate kidogo yanasababisha utando usilowe vizuri, na utando usiolowa vizuri unaweza kukosa mstari.

Mdomo ukiwa mkavu, usimpe ndimu anusie wala pipi ili mate yatoke. Mate yanayochochewa kwa uchachu yanatoka mengi lakini mepesi, pH yake inapanda, na kiasi cha dawa kwa kila mililita kinashuka. Mpe maji, yasizidi glasi moja ya mililita 240, ngoja dakika 10, mjaribu tena. Kumbukeni pia kwamba bangi, amfetamini na mirungi zenyewe hukausha mdomo, na hata uchovu na kutokunywa maji safarini hukausha. Ukavu peke yake usiandikwe kama kosa. Akishindwa kwa saa nzima, mpelekeni kwa daktari, na huko uamuliwe mkojo au damu.

Kipimo kilazwe juu ya meza iliyo sawa. Kuna vingine husimamishwa wima. Fuateni karatasi yake. Kila kipimo kina dakika zake za kusomwa, na kina dakika ambazo baada yake hakisomwi tena. Tumieni saa ya kengele, siyo makadirio. Mstari unaweza kuchelewa kutokea, na ukikisoma mapema utamwita mtu mtumiaji wakati rangi bado iko njiani. Watu wawili wasome, kila mmoja aandike alichokiona kabla ya kumwambia mwenzake, kisha kipimo kipigwe picha kikiwa kando ya jina, tarehe na saa.

Makambako na Njombe kuna jambo jingine ambalo mtu wa Dar es Salaam hawezi kulifikiria, nalo ni baridi. Vipimo vingi vinataka kutunzwa kati ya nyuzi 2 au 4 na 30 za Selsiasi, na kutumika kwenye joto la chumba, yaani 15 hadi 30. Asubuhi ya Juni au Julai huku kwenu, chumba cha mabati cha walinzi getini kinaweza kuwa chini ya 10. Utando wa baridi unapitisha mate polepole, na kingamwili zinashika kwa uvivu. Matokeo yake ni mstari unaokawia au kufifia mno, na hofu yangu ni kwamba huyo dereva wenu wa pili aliponzwa na baridi kama alivyoponzwa na macho ya muuguzi. Pakiti za siku hiyo ziingizwe kwenye chumba chenye joto angalau nusu saa kabla, zikiwa bado zimefungwa. Ununuzi wa kipimajoto cha ukutani ni fedha ndogo, na joto la chumba liandikwe kwenye kila fomu. Upande wa pili, gari la msimamizi likishuka na boksi la vipimo kuelekea Kyela au Usangu, msiliache kwenye dashibodi juani. Joto kali linaua kingamwili, na kipimo kilichoungua kinaweza kuwaangusha watu wasiotumia chochote.

Kuhusu kile ambacho kipimo chenu hakioni, niseme wazi, kwa sababu kwenye barabara hii ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi. Mirungi: kiini chake ni kathinoni, na mstari wa amfetamini kwenye vipimo vingi haukuundwa kwa ajili yake. Dereva aliyetafuna usiku kucha anaweza kupita akiwa msafi kwenye karatasi. Tramadoli, dawa ya maumivu: mstari wa opiati unatafuta mofini na jamaa zake, tramadoli haiguswi. Methadoni, dawa wanayopewa waliozoea heroini, nayo inahitaji mstari wake. Pombe haimo kabisa, basi kipima pumzi kiwepo mezani kila asubuhi, na sera ya kampuni iweke sifuri kwa anayekwenda kushika usukani. Usingizi hauna kijiti. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na dereva anayepangiwa ratiba isiyo na pa kulala atatafuta cha kumkesha. Halafu atashuka Kitonga au mlima wa Iwambi, macho yakiwa wazi na akili imelala. Mtu wa ratiba akae kwenye kikao hicho hicho mnachojadili vipimo.

Kinyume chake, dawa halali zinaweza kufuta mstari. Kodeini iliyomo kwenye baadhi ya dawa za maumivu na kikohozi itaangusha mstari wa opiati. Baadhi ya dawa za mafua zinaweza kuuchanganya mstari wa amfetamini. Lakini dereva asiulizwe dawa anazotumia mbele ya mpimaji na foleni ya wenzake. Aulizwe baadaye, faraghani, na daktari au tabibu, na ni pale tu majibu yakiwa si hasi.

Mstari usipotokea, dereva aondolewe kwenye safari palepale, kwa heshima, na asiendeshe hata pikipiki kurudi nyumbani. Kisha ndani ya dakika hizo hizo achukuliwe sampuli ya pili ya maabara. Hapa ndipo kampuni nyingi hukwama: wananunua vipimo 200 na hawanunui hata chupa moja ya sampuli ya uthibitisho. Kijiti kilichotumika kwenye kipimo cha mkononi hakifai. Sampuli iwe kwenye kichupa chenye kimiminika maalumu cha kuhifadhia, kwa sababu THC hung'ang'ania plastiki na sponji, na mate yaliyotemwa kwenye chupa tupu yatafika maabara yakiwa yamepoteza sehemu kubwa ya kile unachokitafuta. Zichukuliwe mbili, A na B: moja ipimwe, nyingine ibaki imefungwa kwa siku dereva atakayopinga. Kila kichupa kiwe na lakiri ambayo dereva ameisaini, saa ya kuchukuliwa, na karatasi inayoonyesha kila mkono uliokishika tangu yadi hadi maabara. Zisafiri kwenye boksi la baridi, nyuzi 2 hadi 8.

Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya. Kabla hamjapima mtu mwingine, nendeni pale na maswali matatu: wanapokea mate au wanataka mkojo au damu kwa uthibitisho; kichupa gani wanakikubali; majibu huchukua siku ngapi. Kinachohitajika ni mashine inayotenganisha kemikali na kuzitambua kwa uzito wa molekuli zake, tofauti kabisa na kingamwili za kwenye kijiti. Kurudia kijiti kingine cha aina ile ile si uthibitisho, kwa sababu kilichodanganya mara ya kwanza kitadanganya tena kwa njia ile ile. Mkiwa Mbeya, pitieni pia ofisi ya kanda ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, mwulize kama kipimo mlichouziwa kimesajiliwa. Muuzaji asiyeweza kuwaonyesha usajili na kizingiti cha kila mstari, mwacheni.

Upande wa sheria ni mfupi lakini mzito. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, pamoja na kanuni zake za 2007, inataka kuachishwa kazi kuwe na sababu ya haki na utaratibu wa haki: tuhuma kwa maandishi, muda wa kujiandaa, kikao cha kusikilizwa, haki ya kuwa na mwakilishi. Mnaweza kumsimamisha mtu akisubiri uchunguzi, ila kwa mshahara kamili. Aliyeachishwa ana siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na pale picha ya kijiti bila majibu ya maabara ni ushahidi mwembamba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, basi ridhaa iwe ya maandishi, fomu zifungiwe kabatini, na majibu yasitumwe kwenye kundi la WhatsApp la madereva. Sera nayo isainiwe kabla ya upimaji kuanza, kwa Kiswahili ambacho utingo anakielewa, ikieleza nani anapimwa, lini, na nini kinafuata. Majina ya kupimwa ghafla yachaguliwe kwa kura mbele ya mwakilishi wa madereva. Baada ya ajali, mpimeni mapema, ndani ya saa moja au mbili ikiwezekana, kwa sababu THC kwenye mate haisubiri. Aliyeumia mdomo asipimwe mate kabisa. Apelekwe hospitali achukuliwe damu.

Kwa dereva wenu wa kwanza, kama siku ile hamkuchukua sampuli ya pili, majibu yale hayawezi kuthibitishwa tena, na kumpima leo kutasema habari za leo. Mlichonacho ni kukiri kwake kwamba alivuta akiwa likizo. Bangi ni kosa kisheria nchini popote inapovutwa, na mnaweza kulizungumza hilo kwenye kikao kilichoitishwa kihalali, lakini kwa kuzingatia alichokiri, si kwa kutumia kijiti kisicho na uthibitisho. Mimi ningempa onyo la maandishi, ningemweka kwenye orodha ya kupimwa bila taarifa kwa miezi kadhaa kwa makubaliano yake, na ningemuuliza kwa utulivu kama anaweza kuacha. Akisema hawezi, au ikija kuonekana kuna heroini ndani yake, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina huduma ya afya ya akili, na kliniki ya methadoni kwa waliozoea heroini. Mtu akiwa kwenye methadoni, uwezo wake wa kuendesha lori aupime daktari wa huko, na wakati anasubiri apewe kazi ya yadi.